Kisanduku cha Umeme wa Hewa Bora

Katika mji wetu mtu hanunui kitu cha umeme kabla hajakipima kwa mkono. Pasi, jiko, redio, kila kitu hubebwa kwanza, kikatikiswa kidogo karibu na sikio, ndipo mnunuzi akasema "iko na kilo" au akakirudisha mezani kwa dharau. Kitu kizito kina shaba ndani, na mtu wa Lubumbashi hafundishwi shaba ni nini. Kwa hiyo binti yangu aliponipa kazi ya kutafuta kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta ya michezo, ambacho hapa kila mtu anakiita alimentation, sikuona ugumu wowote. Ningekwenda Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi wenye jina la nchi, kwenye maduka ya mafundi, ningebeba vyote vilivyopo, ningechukua kinachouma mkono.

"Papa," aliniambia kwa simu kutoka Kipushi, mji wa mgodi ulio jirani nasi, "ile haiko nyama. Habaiuzishe kwa kilo."

Nilicheka peke yangu katikati ya vipande vya vitambaa. Wakati ule nilikuwa nikicheka mara chache sana, na karibu kila mara ilikuwa ni yeye aliyenichekesha, kwa simu, kutoka nyumba isiyo yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Wazee wangu walitoka Maniema, wakaja huku na dini yao, biashara yao na maneno yao ya pwani, na kwetu mtoto ni wa baba. Hilo halina mjadala. Mke wangu alikuwa Mbemba, ndugu zake wako Kipushi, na kwao mtoto ni wa tumbo lililomzaa, mwenye neno juu yake ni mjomba. Hilo nalo halina mjadala. Alipokuwa hai tulitaniana tu kuhusu jambo hilo, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba kabila lake halijui kuhesabu watoto. Tuliona ni mzaha wa kumalizia chakula. Hatukujua kwamba siku moja mmoja wetu atabaki peke yake na mzaha huo, na watu wazima watakaa kwenye viti kuuzungumza kwa sauti ya chini.

Alifariki katikati ya msimu wa mvua, kwa ugonjwa ambao hadi leo sipendi kuutaja. Kilio kilipokwisha, ndugu zake walimchukua binti yetu kwenda Kipushi. Sikupigana. Ningepigana kwa nguvu gani? Nilikuwa kama nguo iliyofumuliwa. Baadaye nilipopata akili nilipeleka wazee wangu, wakaongea, wakaongea tena, wakakubaliana hivi: mtoto aje kwangu Jumamosi na wakati wa likizo, na mwisho wa likizo kubwa familia zote mbili zikae, aulizwe mwenyewe anataka kuishi wapi. Alikuwa ameshakuwa msichana mwenye akili yake. Atakachosema kitafuatwa na wote.

Basi mimi msimu ule wote wa baridi nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nilishona suruali za watu, nilibishana na wateja, nilisali, lakini ndani nilikuwa nikiuliza swali lile lile: atasema Hewa Bora, mtaa wangu, au atasema Kipushi? Nilipaka rangi chumba chake. Nilinunua godoro. Na nilishikilia ile kompyuta kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani.

Kompyuta hiyo tulikuwa tukiiunda yeye na mimi kidogo kidogo. Ilianza kama sanduku tupu kutoka ofisi iliyokuwa ikifunga milango, halafu ikapata moyo, halafu kumbukumbu, kila kipande kwa wakati wake. Yeye alijifunza kwa kutazama video kwenye simu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kusema "taratibu." Alitaka mashine inayoweza kufungua ile michezo mikubwa, ambayo watu wa nchi mbalimbali wanakutana ndani yake, wanatembea pamoja, wanapigana, wanaongea kwa vifaa vya masikioni.

Kisha mjomba wake akaleta kadi ya picha. Lazima niseme ukweli kuhusu mtu huyu: anafanya kazi mgodini Kipushi, ni mpole, anakusalimia kwa mikono miwili, huwezi hata kumchukia vizuri. Aliagiza kadi ile kwa dereva wa malori anayepanda kutoka kusini, akaileta mwenyewe hadi kwangu. Ilikuwa nene kama tofali, na feni juu yake.

"Shemeki," aliniambia, "miye sijue kitu ya hii mambo. Mutoto njo alilomba."

Nilisema asante.

Na tulipoiweka, mashine ikakataa. Iliwaka, feni zikazunguka, lakini mchezo ulipofunguka tu, kiza. Binti yangu alieleza kwamba kisanduku cha zamani cha umeme hakiwezi kuilisha kadi ya namna hiyo. Kumbe mjomba ameleta ng'ombe, na majani ya kumlisha yatafutwe na mimi. Sawa. Nilifurahi hata. Kipande cha mwisho kingekuwa changu.

Siku ya kwanza nilikwenda Kenya peke yangu, saa za mchana. Muuzaji alikuwa Mkristo kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu mcheshi, aliyepanga visanduku vyake juu ya meza kama mikate. Nilivibeba kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kizito hasa, kizito kwelikweli, na nilipokirudisha mezani meza ililia.

"Papa, uko na jicho," aliniambia. Akachukua kipande cha waya kilichokunjwa, akakitia kwenye mdomo wa nyaya, akachomeka ukutani. Feni ikazunguka. Hivyo ndivyo wanavyopima pale: feni ikizunguka, kitu kizima. Kisha akakigeuza, akanionyesha kitufe kidogo chekundu mgongoni, cha kuchagua volti 230 au 115. "Na angalia hii. Mangaribi courant ikishuka, unasukuma ka-bouton unaweka ku 115. Machine inawaka bila shida. Bantu bote ba hapa banafanya vile."

Nikaona huo ndio ujanja wenyewe. Umeme wa Hewa Bora una tabia zake. Asubuhi upo mzima, cherehani yangu inakimbia hadi naishikilia. Jioni kila mama anawasha jiko la umeme kwa ajili ya bukari, ugali wa kwetu, na hapo taa zinakuwa na rangi ya mawese, cherehani inatembea kama mzee anayekwenda msikitini. Kisanduku kinachoweza kuambiwa kwa kidole "sasa umeme ni mdogo, uvumilie" kilinifaa kabisa. Nilikipiga picha, nikamtumia.

Jibu lilikuja kwa sauti, na alikuwa karibu kupiga kelele.

"Papa, hapana! Weka chini. Ile ka-bouton kekundu njo kanaua ma-machine hapa Lubumbashi. Unaweka ku 115 juu courant iko kidogo, nyuma batu banazimisha ma-réchaud, courant inarudia yote, na weye umeshasahau. Inapasuka! Ile ingefaa courant ya Kipushi, kule haishuke. Miye nataka ya courant ya Hewa Bora. Ile haina bouton, inajipima yenyewe, kuanzia 100 mpaka 240. Usisahau, papa. Ya Hewa Bora."

Nilimwambia muuzaji nitarudi. Nikatoka nje, nikasimama kando ya barabara, pikipiki zikinipigia honi, nikaisikiliza sauti ile tena. Kisha tena.

Ya Hewa Bora. Mtu anayetaka kuishi Kipushi anahangaika nini na umeme wa Hewa Bora? Nilijiambia usiwe mpumbavu, mtoto anaongelea mashine. Lakini moyo haukunisikiliza. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, njia yote ile, kwa sababu nilihofia kwamba nikipanda pikipiki furaha ile itadondoka njiani.

Jirani yangu mwenye saluni ng'ambo ya barabara ndiye niliyemsikilizisha sauti hiyo. Alikuwa rafiki wa mke wangu, na ni mmoja wa hao ambao mashine zao ziliuawa na kitufe chekundu. Yeye aliweka 115 jioni moja ili apige muziki, akaendelea kusuka. Majirani walipomaliza kupika, kompyuta yake ilipiga mlio mmoja, moshi ukatoka, na mteja aliyesukwa nusu kichwa akakimbilia barabarani akiita malaika wote. Hadi leo kitongoji kinamcheka. Alisikiliza sauti ya binti yangu huku amenitazama usoni.

"Ya Hewa Bora," akarudia. "Baba, mutoto anarudia kwako. Bibi yako marehemu, rafiki yangu, angesikia hii angepiga kigelegele."

Mtu wa pili akishaona unachokiona, unaanza kukiita ukweli. Nilinunua pazia jipya.

Likizo zilipofunguka, binti yangu alikuja, na tukaenda Kenya pamoja. Safari hii tulikwenda jioni, kwa makusudi, saa ya bukari, wakati umeme unaposhuka, maana hata friji hainunuliwi mchana kwetu. Mchana kila kitu ni kizima. Tulibeba kompyuta nzima kwenye pikipiki, imefungwa blanketi, yeye ameikumbatia nyuma yangu. Dereva aliuliza kama ni mgonjwa.

Muuzaji alitupokea kwa vicheko. Alituwekea visanduku vitatu mezani. Kimoja kipya, kinang'aa, kina taa za rangi kama gari la harusi. Cha pili ndicho kile kizito chenye kitufe. Cha tatu kilikuwa kimetumika Ulaya, kina vumbi, kimekwaruzwa, na ukikibeba unasikia kama umebeba kopo. Lakini ubavuni kilikuwa na maandishi aliyoyataka binti yangu: watt mia sita hamsini, 100 hadi 240, na mgongoni hakuna kitufe.

"Chagua weye, papa," aliniambia.

"Miye? Weye njo unajua."

"Chagua weye."

Nilisimama pale kama bwana harusi aliyesahau maneno. Mkono wangu ulitaka kizito. Mkono wa mtu wa Lubumbashi una akili yake. Marehemu mama yangu, ambaye Bahari ya Hindi hakuiona maisha yake yote, alikuwa akituambia mchagua nazi hupata koroma, na nilimkumbuka. Binti yangu aliinama, akamulika tochi ya simu kwenye matundu ya kile kizito, akaniita nitazame. Ndani, karibu na ukuta, kulikuwa na bonge la chuma ambalo halikuungwa na waya wowote. Lilikuwa limewekwa kwa ajili ya mikono yetu tu. Muuzaji naye akachungulia, akashika kichwa, akaapa kwamba yeye mwenyewe hakujua, na nilimwamini, maana naye alikuwa amekisifu kwa kukibeba.

Basi nikasema vijaribiwe. Umeme ulikuwa umeanza kushuka. Balbu ya dukani ilishakuwa mawese. Kile cha harusi kiliwasha taa zake zote na kikazimika mchezo ulipofunguka. Kizito kikazimika hata kabla. Muuzaji, kwa mazoea, alinyoosha kidole kwenda kwenye kitufe, na binti yangu akaweka kiganja chake juu. "Hapana, papa muuzaji. Courant itarudia."

Tukakiweka kile chenye vumbi. Kadi ya mjomba ikaamka. Mchezo ukafunguka, ukaonyesha milima, mto, watu wenye mikuki. Tukangoja. Balbu ikazidi kufifia hadi ukaweza kuitazama kama unavyotazama mshumaa, feni ya dukani ikasimama, jirani wa muuzaji, fundi wa kuchomea vyuma, akatukana kwa sababu mashine yake imekufa. Ile yetu haikutikisika.

"Inashika! Papa, inashika!"

Akanikumbatia mbele ya watu. Hakuwa amenikumbatia tangu makaburini. Nywele zake zilinukia mafuta yale yale ya mama yake, nami machozi yakanitoka, nikageuka ukutani kujifanya ninasoma bei. Niliwapenda watu wote waliokuwemo katika duka lile. Nilimpenda hata mjomba.

Wiki zilizofuata nilikuwa na nyumba tena. Kulikuwa na mtu wa kugombana naye juu ya nani amemaliza sukari. Alikuwa akiimba akiosha vyombo. Mashine tuliiweka chumba cha mbele karibu na cherehani yangu, na jambo moja lilinishangaza: hakutaka kuifunga mwenyewe. "Fanya weye," aliniambia, na mimi nikaingiza ule waya mnene wenye meno mengi. Nilipomaliza akauchomoa. "Fanya tena." Alinifundisha kupuliza vumbi, kupitisha umeme kwanza kwenye stabilizeta, kile kifaa cha kuusawazisha, na kunusa kama kuna kinachoungua. Nikimwambia wewe upo, nijifunze ya nini, alisema tu, "Jifunze, papa."

Alinifundisha pia kucheza. Vidole hivi vinapitisha uzi kwenye sindano bila miwani, lakini havikuweza kumpitisha mtu mlangoni. Mtu wangu aligonga ukuta, akazunguka, akagonga tena, akaingia mtoni. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Alinichagulia koti refu la buluu, nami nikamwambia koti hilo halina mshono hata mmoja, aliyelikata ni mwizi. Tukashinda hivyo siku nzima, suruali za wateja zikitusubiri.

Lakini kuna alasiri moja. Nilikuwa nimetoka msikitini, nikafika mlangoni mwa jiko, na yeye alikuwa amenipa mgongo, anakaanga samaki, amefunga kitambaa kichwani, kile cha njano cha mama yake. Mabega yale yale. Namna ile ile ya kusimamia mguu mmoja. Nikashika mlango. Aligeuka, akaniona, na sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alikivua kitambaa polepole, akakikunja, akakiweka kabatini. Hakukivaa tena, nami sikumuuliza.

Siku ya mazungumzo walikuja kwangu. Upande wao walikuwa bibi mzaa mama, ambaye wote tunamwita kambo kama ilivyo desturi ya mji huu, pamoja na mjomba na shangazi mmoja. Upande wangu kaka yangu mkubwa na imamu mstaafu wa mtaa wetu. Jirani wa saluni alileta soda, akakaa nje karibu na dirisha, ambapo mtu husikia vizuri zaidi. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya. Nitasema wazi kwamba sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeshajua jibu tangu siku ile barabarani Kenya, na niliwahurumia wageni wangu. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kuwafariji, kwamba Kipushi si mbali, kwamba mlango wangu haufungwi.

Kambo aliongea kwanza.

"Mutoto, hapa hakuna muntu wa kukusukuma. Baba yako anakupenda, shiye tunakupenda. Sema weye mwenyewe. Unataka kuikala wapi?"

Binti yangu alitazama mikono yake.

"Ku Kipushi, kambo."

Nilisikia vibaya, nikadhani. Nikamtazama kaka yangu, na uso wake ukaniambia nimesikia vizuri. Nje, kiti cha jirani yangu kililia. Mjomba hakuonekana kufurahi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyenyang'anywa.

Imamu akauliza kwa upole, kwa nini, binti? Baba amekukosea?

"Hapana. Papa hajanikosea kitu." Alianza kulia. "Kule ku Kipushi niko mutoto. Tuko bengi, tunapigana, kambo anatugombeza. Huku kwa papa... Papa ananiangalia sana. Nikipika, ananiangalia. Nikipita, ananiangalia. Anatafuta maman. Na miye siko maman. Sijue kufanya nini."

Nilitaka kusema si kweli. Nilitaka kuapa. Lakini mtu anaapaje dhidi ya kitu kama hicho mbele ya watu waliomfahamu marehemu, na wote wanajua jinsi mtoto anavyofanana naye? Kilichonitoka mdomoni ni upuuzi. Mtu anayezama hushika jani.

"Na machine?" nikauliza. "Ile machine ya kwako?"

Akaniangalia, macho yamejaa, na alionekana kushangaa kwamba sikujua.

"Papa, ile iko ya kwako. Mujomba ataniunganishia ingine kule, hata ya kuzeeka. Ya kwangu, alimentation yoyote ingefaa, hata ile ya ka-bouton, juu kule courant iko fort. Njo maana nilikulomba ya courant ya Hewa Bora. Juu weye njo utabakia huku. Nilitaka mangaribi tukutane mu jeu, mu ule muchezo, usikuwe peke yako."

Nakumbuka kaka yangu aliweka mkono begani mwangu. Nakumbuka soda zikigawiwa, maana lazima zigawiwe, na watu wakizinywa kwa aibu. Mtoto wangu alikuwa amejua jibu lake siku zote, na wakati mimi nilikuwa nikinunua pazia, yeye alikuwa akinitafutia mimi kitu ambacho hakitazimika.

Waliondoka kabla ya jioni. Alinikumbatia mlangoni kwa muda mrefu, na mimi nikafumba macho, nisimwangalie.

Siku ya tatu, mjomba akiwa ameshamuunganishia mashine yake, alinipigia simu, akaniambia niwashe. Nikawasha. Nikavaa vile vya masikioni, nikafungua mchezo kama alivyonifundisha, na baada ya kugonga ukuta mmoja au miwili nikamkuta karibu na lango la mji mmoja wa mawe, mtu wake mdogo mwepesi akirukaruka. "Papa, ulifika!" alisema masikioni mwangu, karibu sana, kana kwamba ameinama begani kwangu. Tulitembea. Alinionyesha namna ya kupanda farasi, nikapanda, nikaanguka, akacheka. Nilimwambia suruali ya askari wa lango imekatwa vibaya. Akacheka tena. Nikafikiri, basi, labda hivi nitaweza.

Ikafika saa ya bukari. Balbu juu ya kichwa changu ikaanza kuwa mawese, stabilizeta ikagonga, saluni ng'ambo ikazima muziki. Kisanduku kikaendelea, feni yake ikizunguka taratibu.

"Papa, ungoje hapa ku mulango," aliniambia. "Usitembee. Nakuya sasa hivi."

Mtu wake akasimama tuli. Mtu wangu wa koti la buluu akasimama karibu naye. Watu wa nchi nyingine walitupita na mikuki yao. Yeye hakuwa amezima kifaa cha kuongelea, alikiacha mezani tu, na mimi nikaanza kusikia nyumba ya Kipushi. Sahani zikipangwa. Kambo akigombeza mtu kwa Kibemba. Watoto wakinyang'anyana kiti, na katikati yao sauti yake, ikipiga kelele kwamba hapo ni pake, kwamba yeye alikaa mbele. Kisha mjomba akamwita jina lake aje achukue chakula, naye akaitika mara moja, kwa sauti ya juu, yenye furaha, namna anavyoitika mtoto aliye kwao.

Kwangu alikuwa haitiki hivyo tena tangu mama yake afariki. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti hiyo.

Nilitaka umeme ukatike. Nasema kweli, nilitazama balbu ile nikaomba ikatike kabisa, mtaa mzima uingie kiza, nipate sababu ya kuondoka pale langoni. Haukukatika. Nikakaa na vile vya masikioni, mikono juu ya magoti, nikawasikiliza mpaka walipomaliza kula.